Sungusungu wa Ubongo: Mofini, Maumivu na Mchochota

Mhadhara uliotolewa Nyabiyonza, Karagwe, ndani ya ghala la kahawa lililokuwa tupu baada ya msimu



Nianze na mgomba. Kuna mgomba mmoja, si mbali na hapa, ambao miaka kadhaa iliyopita ulinyweshwa chupa nzima ya mofini. Mwenye kibanja alikuwa mzee wa ukoo wetu. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeshaingia kwenye nyonga na uti wa mgongo, hospitali ikamruhusu arudi nyumbani na dawa ya maji, anywe kila baada ya saa 4, usiku na mchana. Kijana wake mkubwa alikuwa ameishi Dar es Salaam miaka mingi. Akaisoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, akatoka nayo nje, akaimimina yote kwenye shina la mgomba. Nilipomuuliza alinijibu: "Baba mdogo, mateja nimewaona kwa macho yangu, wamejikunja barabarani kama nguo chafu. Sikutaka mzee wangu afe akiwa teja." Mzee aliishi siku 11 baada ya hapo. Majirani wa upande wa chini walihamishia watoto wao kwa ndugu ili wapate kulala.

Nimeitwa hapa kuzungumza juu ya dawa za jamii ya afyuni na kinga ya ubongo, na najua wengine mmekuja kwa sababu mvua imeanza na ghala lina bati zuri. Vyovyote vile, karibuni. Mimi ni mfamasia, kazi yangu imekuwa kupima, kuchanganya na kueleza. Yule kijana alikosea, na kosa lake lilimgharimu baba yake. Lakini hakuwa mjinga. Alikuwa na nusu ya habari, na nusu aliyokuwa nayo ni ya kweli. Leo nataka tuipitie habari nzima, pamoja na sehemu ambazo wakubwa wa sayansi bado wanabishana.

Neno la kwanza tunalolihitaji ni mchochota. Ukichomwa na mwiba wakati wa kupalilia, kesho yake mguu una joto, umevimba, umekuwa mwekundu na unauma. Hayo manne kwa pamoja ndiyo mchochota. Wengi wetu tunasema "uvimbe", ila uvimbe unaweza kuwa hata nundu isiyouma. Mchochota ni kazi, ni mwili unapigana. Na mguu uliopata mchochota maarufu kuliko yote katika historia ya Karagwe ni wa mpelelezi Mskoti aitwaye James Grant. Alifika hapa na mpelelezi mwenzake John Speke mnamo Novemba 1861, wakapokewa vizuri na Omukama Rumanyika. Mwezi uliofuata mguu wake wa kulia ukavimba na kukakamaa. Januari 1862 Speke akaondoka kwenda Buganda na kumwacha mwenzake kitandani. Grant hakutoka Karagwe hadi Aprili, tena kwa kubebwa. Aliyaandika mateso hayo katika kitabu chake, na baadhi ya matabibu waliokisoma baadaye wanahisi kilikuwa kidonda cha Buruli. Kwao Uingereza, miaka ileile, afyuni iliyoyeyushwa kwenye kileo ilinunuliwa dukani kama tunavyonunua chumvi.

Ndani ya mguu wa namna ile kulikuwa na nini? Chembe nyeupe za damu hukimbilia mahali palipoharibika na kumwaga kemikali zinazoitwa saitokini. Saitokini huita chembe nyingine, hupanua mishipa ya damu, na hunoa ncha za neva mpaka mguso mdogo wa shuka unauma kama kisu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba chembe hizohizo zinazowasha moto zimebeba na ndoo za maji. Mwaka 1990 Mjerumani Christoph Stein na wenzake walionyesha kwamba chembe za kinga zilizokusanyika penye mchochota huachia endofini, yaani afyuni ya mwili wenyewe, ikatua kwenye ncha za neva na kupunguza maumivu. Mwili ulikuwa na dawa hii kabla ya mkulima yeyote kukwangua utomvu wa mpopi.

Hata kugunduliwa kwake ni hadithi ya machinjioni. Mwaka 1973 maabara kadhaa zilithibitisha kwamba katika ubongo kuna vipokezi, vitasa hasa, ambavyo afyuni huingia kama ufunguo. Swali likawa: Mungu aliweka kitasa cha nini kwa ajili ya ufunguo wa mmea wa mbali? Pale Aberdeen, John Hughes na Hans Kosterlitz wakawa wanachukua bongo za nguruwe machinjioni, wanazisaga, wanachuja, hadi 1975 wakapata ufunguo wenyewe wa asili, wakauita enkefalini. Mofini huingia kwenye kitasa hichohicho. Ikiingia, neva ya maumivu inatulia, haipitishi habari kwa urahisi kutoka mguuni hadi uti wa mgongo na kutoka hapo hadi kichwani. Hiyo ndiyo sehemu ya habari inayofundishwa kila mahali, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ndiyo yote.

Dalili kwamba kuna zaidi ilikuwepo tangu zamani. Mwaka 1898 Mromania Jean Cantacuzène, aliyefanya kazi Paris chini ya Metchnikoff, aliwapa afyuni simbilisi, hawa wanyama wanaofugwa jikoni kwetu huku Kagera, kisha akawaambukiza bakteria. Chembe zao za kumeza vijidudu zilizubaa, na wanyama wakashindwa na maambukizi ambayo wenzao waliyahimili. Afyuni, basi, ilikuwa inalaza kinga. Kwa bahati ya ajabu, mwaka huohuo kampuni ya Bayer ilianza kuuza heroini kama dawa ya kikohozi.

Ukiishia hapo utasema: opioidi, yaani dawa za jamii ya afyuni, hulaza neva na hulaza kinga, kwisha. Kumbe ndani ya fuvu mambo hugeuka.

Ubongo una walinzi wake. Mhispania Pío del Río Hortega aliwatambua na kuwapa jina mwaka 1919: mikroglia. Mimi nitawaita sungusungu, na mnajua kwa nini. Sungusungu ni wale chungu weusi wanaouma, na ni wale walinzi wa kijiji walioanzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakaenea. Hawakutoka kituo cha polisi cha wilaya. Ni watu wa palepale. Mikroglia nao hawatoki kwenye uboho wa mifupa kama chembe nyingine za kinga. Huzaliwa kwenye kifuko cha kiini tumboni mwa mama, kabla hata mifupa haijawa na uboho, huingia kwenye ubongo unaoumbwa, na humo huishi na kuzaliana. Kati ya chembe 10 za ubongo, moja au pungufu ya moja ni ya kwao. Mwaka 2005 watafiti walipochungulia ubongo wa panya walio hai kwa darubini za kisasa, waliwaona hawatulii hata dakika moja: mwili wa chembe umekaa mahali pake, lakini mikono yake myembamba inapapasa huku na huku, inagusa neva hii, inaiacha, inagusa ile.

Kazi yao mmeshaionja wote. Ukiugua malaria, kinachokutoa hamu ya ndizi na maharage, kinachokufanya uchukie mwanga, ukatae wageni na kujifunika mablanketi mawili saa 8 mchana, si mbu wala kijidudu peke yake. Saitokini kutoka mwilini zimefikisha habari kichwani, sungusungu wameamka, nao wanazimwaga za kwao, na ubongo unatoa amri: lala. Ni amri nzuri. Ugonjwa ukiisha, sungusungu hurudi kwenye doria.

Sasa mlete mofini. Mtu anaanza na kipimo kidogo, maumivu yanaondoka. Baada ya wiki kadhaa kipimo kilekile hakifui dafu; inabidi kiongezwe. Tunauita usugu. Maelezo ya zamani yalikuwa kwamba vitasa vya neva vimechoka, na ni kweli huchoka. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 maabara nyingi zikaanza kuona jambo la pili: kwenye uti wa mgongo wa panya waliozoeshwa mofini, sungusungu wamebadilika sura, wamenenepa, wamekunja mikono, wanamwaga saitokini. Wakipewa dawa za kuwatuliza, usugu unapungua na mofini inarudisha sehemu ya nguvu yake. Hii ina maana kwamba wakati mofini inaikandamiza neva kwa juu, sungusungu wanaisukuma kutoka chini. Unaongeza dawa, nao wanaongeza kusukuma.

Njia mojawapo ya kusukuma ni ya kuvutia, mnivumilie. Kwenye uti wa mgongo kuna neva ambazo ni breki. Zinapoachia kemikali yao, neva ya maumivu inatulia. Breki hiyo hufanya kazi kwa sababu kloraidi, nusu ya chumvi tunayotia kwenye mboga, imepangwa vizuri, nyingi nje ya neva na kidogo ndani. Mwaka 2013 watafiti waliokuwa Kanada walionyesha kwa panya kwamba sungusungu walioamshwa na mofini hutoa protini inayovuruga pampu ya kloraidi. Breki inabaki pale pale lakini haishiki. Ndipo linapotokea jambo ambalo matabibu wamelishuhudia kwa wagonjwa wanaopewa opioidi nyingi: ngozi nzima inaanza kuuma, hata mahali pasipo na ugonjwa. Dawa ya maumivu imeleta maumivu.

Lakini mofini inawaamshaje? Hapa ndipo wenye elimu wanapogombana, na ningewadanganya kama ningewaambia kesi imekwisha. Sungusungu wana kipokezi kiitwacho TLR4. Mwaka 1998 maabara ya Bruce Beutler ilionyesha kwamba kazi yake ni kunusa ngozi ya aina fulani za bakteria. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011. Kwa hiyo TLR4 ni filimbi: bakteria akionekana, hupulizwa. Mwaka 2012 kundi la Linda Watkins wa Colorado na Mark Hutchinson wa Adelaide likatangaza kwamba mofini nayo hukaa kwenye kipande kinachoshirikiana na TLR4 na kuipuliza filimbi hiyo, ingawa si kwa nguvu ya bakteria. Kwa maelezo yao, ubongo unaiona mofini kama mvamizi. Tena ini letu linapoichakata mofini hutengeneza zao moja ambalo halitulizi maumivu hata kidogo, na zao hilo nalo wakalikuta linapuliza filimbi.

Walikuwa na ushahidi mtamu. Nalokzoni, dawa inayomwokoa mtu aliyezidisha heroini, ina pacha wake wa kioo, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Pacha huyo haingii kwenye kitasa cha afyuni, ila anaziba TLR4. Panya waliopewa mofini pamoja naye walipata nafuu kubwa zaidi. Haya, maabara nyingine zikachukua panya waliozaliwa bila TLR4 kabisa, zikawapa mofini, nao wakapata usugu kama kawaida. Mwaka 2017 kundi la Stanford likasema chanzo cha usugu ni vitasa vilivyo kwenye neva za maumivu zenyewe, wala si kwenye mikroglia. Mnionavyo, mimi naamini sungusungu wamo kwenye kesi, lakini sidhani kama mlango wao ni mmoja. Filimbi ya TLR4 ilipendwa mno kwa sababu ilikuwa rahisi kusimulia, na hadithi rahisi hunifanya niangalie mara mbili.

Kuna majaribio mawili ambayo siwezi kuyapita haraka, kwa kuwa yanagusa maisha.

La kwanza ni la Peter Grace na wenzake, Colorado, mwaka 2016. Waliwajeruhi panya neva ya mguu, wakangoja siku 10, kisha baadhi wakapewa mofini kwa siku 5 tu. Waliopewa mofini maumivu yao yalidumu takriban mara mbili ya muda wa wenzao ambao hawakupewa. Dawa ilikuwa imeshatoka mwilini siku nyingi, lakini sungusungu wa uti wa mgongo walikuwa bado wanaendesha mtambo mmoja wa mchochota ndani yao. Watafiti walipouzima mtambo huo, maumivu yakaondoka. Ndiyo, ni panya, na panya hana shamba la kahawa wala deni la ada. Ila jaribio hili limenifanya niwe mwangalifu zaidi.

La pili ni la Calgary, Kanada, mwaka 2017, kundi la Tuan Trang, nalo linahusu arosto. Vijana mnalijua neno hili, wazee niwafafanulie: ni hali inayomkamata mtumiaji wa unga, yaani heroini, akiukosa. Miayo, machozi na kamasi, kuharisha, vipele vya baridi, mifupa inauma kama imepondwa kwenye kinu. Waliona kwamba wakati wa arosto mikroglia wa uti wa mgongo hufungua tundu maalum kwenye ngozi yao na kumwaga kemikali inayowasha neva zote jirani. Wakaziba tundu hilo kwa dawa mbili zilizokuwa zikitumika kwa mambo mengine kabisa: probenesidi, dawa ya zamani ya jongo, na meflokwini, ambayo wengine mliwahi kuimeza kwa ajili ya malaria. Arosto ikapungua kwa panya. Msikimbilie duka la dawa muhimu kesho asubuhi. Meflokwini ina visa vyake vya kuvuruga akili, na binadamu mwenye arosto anatibiwa kwa njia iliyothibitishwa. Ninachotaka mkione ni kwamba yule kijana aliyejikunja barabarani, ambaye tunamwita mvivu na mwizi, ana mchochota ndani ya mfumo wake wa fahamu. Huwezi kuuona kama unavyouona mguu wa Grant, lakini ni wa ukoo mmoja.

Ukubwa wa arosto upimeni kwa hili. Mwaka 2005 watafiti waliokuwa Dar es Salaam waliripoti kwamba baadhi ya wanawake watumiaji, wasio na fedha ya kete, walikuwa wakijidunga damu iliyovutwa kutoka kwa mwenzao aliyetoka kujidunga heroini, wakitumaini imebaki na chembe ya dawa. Damu ya mtu mwingine, wakati wa UKIMWI. Serikali haikujibu kwa rungu peke yake. Februari 2011 kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili, ya kwanza ya umma katika bara la Afrika kusini mwa Sahara ukiacha visiwa, na Mwananyamala ikafuata. Methadoni nayo ni opioidi. Watu huuliza, mnamtoa mtu kwenye unga kwa unga mwingine? Methadoni hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, hukaa mwilini muda mrefu, haipandi ghafla wala kushuka ghafla. Mtumiaji wa heroini anapanda na kuporomoka mara 3 au 4 kwa siku, na kila kuporomoka ni arosto ndogo, sungusungu wanaitwa upya. Anayekunywa methadoni analala usiku kucha, anakumbuka dawa zake za VVU. Wahudumu wa huko wana mtihani wao: baadhi ya dawa za VVU, pamoja na rifampisini ya kifua kikuu, huifanya methadoni iishe mwilini haraka, hivyo mtu anaanza arosto akiwa ndani ya matibabu.

Nimetaja VVU, na huwezi kuvitaja Kagera ukapita kama unayepita sokoni. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983. Kuna watu humu waliolelewa na bibi kwa sababu hiyo. VVU havishambulii chembe za neva zenyewe. Hukaa ndani ya mikroglia. Sungusungu wetu ndio wanaowapangisha maadui chumba, na dawa za kufubaza huwafikia kwa shida. Kwenye maabara, mofini ikikutana na protini za virusi hivyo, mchochota na uharibifu wa matawi ya neva huwa mkubwa kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Pale Edinburgh, waliochunguza bongo za vijana waliofariki wakiwa watumiaji wa dawa za kujidunga walikuta mikroglia walioamka, na protini zilizolundikana za aina tunayoizoea kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Vijana hao hawakufika miaka 40.

Sasa turudi kwa mzee wangu na chupa yake.

Baada ya yote hayo mtu anaweza kusimama na kusema: basi kijana alifanya vizuri kuimwaga. Hapana. Saratani iliyokaa kwenye mfupa inatoa saitokini usiku na mchana; sungusungu wake wa uti wa mgongo walikuwa wameshaamka kabla mofini haijafika. Maumivu yenyewe huamsha. Kumnyima dawa mtu aliyebakiwa na wiki, kwa hofu ya usugu utakaohitaji miezi, ni kuhofia mvua ya mwakani wakati nyumba inaungua leo. Na mgonjwa wa namna hiyo akihitaji kipimo kikubwa zaidi, kinaongezwa. Si teja. Teja anatafuta unga akiwa ameacha kazi, watoto na chakula. Mzee akinywa mofini anarudi kwenye mambo hayohayo: anazungumza, anakula kidogo, anaagiza nani apewe ng'ombe yupi.

Wenzetu wa ng'ambo ya Mto Kagera walilielewa hili mapema. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na kufikia 1998 huduma hiyo ilikuwa na gari Mbarara, ambako wengi wenu mna ndugu. Unga wa mofini huyeyushwa kwa maji na kutiwa kwenye chupa, basi. Hakuna kiwanda cha ajabu. Mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni ili wauguzi na matabibu waliosomea huduma hiyo waruhusiwe kuiandika mofini, kwa kuwa daktari hakuwepo kila kilima. Kwetu Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road imefanya kazi kubwa ya kuisambaza, lakini kutoka Ocean Road hadi Nyabiyonza ni mbali. Tume ya jarida la Lancet iliripoti mwaka 2018 kwamba katika tani 298.5 za opioidi za matibabu zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Tuihesabu kwa lugha ya ghala hili. Dunia ilikuwa na magunia karibu 5,000 ya kilo 60, na nchi maskini zote kwa pamoja zikaambulia yasiyofika mawili.

Ila nisieleweke kwamba mofini ni ya kila anayelalamika. Mgongo wa mtu aliyelima kwa jembe la mkono miaka 30 ni kesi nyingine. Huyo ana miaka 20 mbele yake. Hapo ndipo jaribio la Colorado linaponinyima usingizi, na hapo ndipo Marekani ilipoteleza: kuanzia miaka ya 1990, hasa baada ya kidonge cha opioidi kiitwacho OxyContin kuingia sokoni mwaka 1996, vidonge vya opioidi vikaandikwa kwa migongo na magoti, na watu kwa maelfu wakaishia makaburini. Wao walimimina mno, sisi tukamimina kwenye mgomba. Kwa mgongo wa kupalilia kuna mazoezi, kuna dawa nyepesi, kuna kumpa kijana jembe.

Nimebakiwa na maswali matatu yaliyoandikwa kwenye vikaratasi.

Mama mmoja anauliza kwa nini hospitali hutoa dawa ya kulainisha choo pamoja na mofini. Kwa sababu utumbo una vitasa vilevile, nao hulala. Choo kikikauka mgonjwa ataichukia dawa iliyomsaidia. Tena katika panya imeonekana kwamba utumbo uliolazwa na mofini huvujisha bakteria ndani ya mwili, na habari hiyo mnajua inakoishia: kwa sungusungu. Mpeni ya choo tangu siku ya kwanza, msingoje.

Mzee aliyekaa nguzoni anauliza kama mgonjwa anaweza kuchanganya na rubisi. Waitu, hapana. Opioidi ikizidi hulaza pumzi, na pombe hulaza pumzi. Zikikutana usiku, asubuhi hamtamwamsha. Amenijibu kwamba mgonjwa aliyefikia mofini hana hamu ya rubisi. Hamjui wajomba zangu.

La tatu halina jina, ila mwandiko naufahamu. Linauliza: dawa ikibaki baada ya mgonjwa kufariki, ipelekwe wapi? Irudishwe palepale ilipotoka, ikiwa ndani ya chupa yake, pamoja na karatasi. Wataiandika kwenye daftari na kuiharibu. Isitunzwe kabatini kwa ajili ya meno, isiachwe watoto wanapoifikia, na isimwagwe. Na kwa kuwa wengi mmekuwa mkininong'oneza tangu nilipoanza: mgomba ule ulizaa mkungu kama migomba mingine, tukaula kwenye matanga. Mgomba hauna vitasa vya afyuni.